Siku Nzima Angani

Mtaa ulimzika wifi yangu kwa jina la Bi Ndege, na watu walilia kweli, siwezi kuwanyima machozi yao. Mimi sikulia. Kuna mama mmoja jirani, hodari wa kuchungulia macho ya wenzake, akanisogelea palepale makaburini: "Mbona wewe mkavu hivyo?" Nikamwambia ya kwangu niliyalia zamani nikayamaliza. Akaenda kuchungulia kwingine. Sasa ngoja niwaambie Bi Ndege alikuwa nani, maana waliosimama kumsifia siku ile walimsifia mtu mwingine.

Alikuwa dada wa mume wangu, mshona sare za shule. Alikaa chumba cha mwisho kwenye ule mstari wa vyumba nyuma ya duka la dawa, cherehani mlangoni, yeye nyuma ya cherehani, na mlango wazi kutwa ili aone nani anapita na kavaa nini. Ndoa yake haikumaliza hata mwaka. Mume alimrudisha kwao, akasema amechoka kusahihishwa. Wifi alikuwa amemaliza shule ya msingi yote, na enzi zile wanawake waliomaliza mtaani kwetu ungewahesabu kwa mkono mmoja na vidole vikabaki. Mimi niliishia darasa la pili. Hilo alinikumbusha maisha yake yote, kama mtu anavyomkumbusha mwenzake kufunga mlango.

Bi Ndege alianza kuitwa kwa sababu ndiye wa kwanza mtaani kupanda ndege. Alipanda mara moja. Tena kwenda tu, kurudi alirudi na lori. Lakini hiyo mara moja aliila miaka yote, asubuhi na jioni, na haikuisha. Alikuwa na kijiko cha ndegeni, chembamba, kinachong'aa, alichokitumbukiza kwenye mkoba mhudumu alipogeuka. Ukienda kwake chai yako inakorogwa na kijiko hicho, na kabla kikombe hakijafika mdomoni umeshapelekwa angani.

"Mnapanda asubuhi," anasema. "Mnashuka jua linazama. Siku nzima mko juu. Watu wanadhani ndege inakimbia. Haikimbii, inaelea. Kule juu hamna barabara, dereva lazima aitafute. Na mchana anakula, anapumzika, ndege imesimama tu hewani kama kunguru kwenye upepo."

Tuliamini. Nani angebisha? Mtoto wa fundi viatu alirudi likizo akasema kufika mji ule kwa ndege ni saa moja na kitu. Wifi hata hakuinua kichwa kwenye cherehani.

"Hizo zenu za siku hizi zina mashine kali," akamwambia. "Yetu ilikuwa na mapanga mawili kama feni. Na wewe umeipanda lini?"

Hakuwa ameipanda. Akachekwa mpaka akaondoka.

Basi mtaani kwetu mtu akisafiri kwa ndege anafungiwa chakula cha kutwa, na kule anakokwenda wanaambiwa wasimtegemee kabla ya magharibi. Kuna bibi mmoja alishushwa na ndege mji wa watu asubuhi mapema, wenyeji wake wakaja kumchukua giza linaingia, kama walivyoagizwa. Kutwa nzima kakaa juu ya begi lake. Aliporudi tukamuuliza safari ilikuwaje, akasema ndefu. Hakuthubutu kumpinga Bi Ndege. Mimi huyo bibi nilikuwa namwona mjinga. Kumbe mjinga nilikuwa namwogesha kila siku bafuni kwangu.

Sasa ilikuwaje wifi akapanda ndege.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka mabati. Mkandarasi wake alimpeleka mji ule mwingine kuezeka ghala, bati likamponyoka, naye akalifuata. Simu ilipigwa duka la dawa, ndiyo simu tuliyokuwa nayo sote, na mwenye duka akaja kunigongea bado ameshika chupa ya dawa ya kikohozi. Fundi kaanguka, kalazwa, hali mbaya ila anaongea, anataka mtu wake. Kwa barabara wakati huo ni siku mbili, na ukikuta mto umejaa unalala ng'ambo. Kwa hiyo mkandarasi amekata tiketi moja ya ndege ya kesho asubuhi. Aje mtu mmoja.

Mtu wake. Mimi nilijua mtu wake ni nani, nilikuwa nimeshaanza kukunja nguo.

Tukakalishwa kwa mama mkwe. Wifi akasema, "Huyu aende wapi? Hata kibao cha choo hawezi kusoma. Ataingia cha wanaume." Watu wakacheka. Mume wangu kalala hospitali mifupa imevunjika, na watu wakacheka. Nikasema nitauliza njia, mdomo ninao. Mama mkwe akanitazama, mtoto yuko titini, akasema, "Aende mwenye macho."

Mwenye macho maana yake anayesoma.

Jioni hiyo mwenye macho alikuja kwangu kusukwa, maana kichwa kilikuwa kimefumuka na asubuhi anaondoka. Nikamsuka. Mistari sita, haraka haraka, mtoto mgongoni, machozi yananidondokea mikononi. Nikamwambia, "Ukifika mwambie mtoto kaota jino. La chini. Alikuwa analisubiri."

"Nitamwambia."

"Na mwambie mimi ningekuja."

"Nimesikia, wifi. Suka."

Nilitaka kitu kimoja tu duniani, yule mtu asife peke yake kama mbwa wa barabarani. Kama si uso wangu, basi uso wa mtu wa kwao, na habari ya jino.

Ndege iliondoka asubuhi saa mbili. Mume wangu alikata roho siku hiyohiyo saa kumi jioni. Wifi aliingia wodini jua linazama, kitanda kimeshatandikwa upya. Walimleta marehemu na lori la mkandarasi, yeye nyuma kwenye sanduku, wifi mbele na dereva. Dereva yule alikuwa mtu wa watu, alinivuta pembeni akaniambia, "Pole mama. Nilikaa naye siku ile. Kutwa alikuwa anauliza, ndege imefika? Tunamwambia bado. Ananyamaza kidogo, anauliza tena."

Nikamuuliza wifi kwa nini alichelewa. Hapo ndipo nilipoisikia mara ya kwanza. "Wifi, anga ni kubwa. Siku nzima tuko juu."

Nikaikubali. Mtu huwezi kugombana na anga.

Siku ya tatu ya msiba tulikuwa naye uani tunanawa, mtandio ukamdondoka. Nywele zake zilikuwa zimenyooka kabisa, zinameremeta, zinanuka mafuta yaliyoungua. Nikauliza, "Mistari yangu iko wapi?" Akauokota mtandio. "Hospitali walinifumua. Hawaingizi mtu kasukwa, wanaogopa chawa." Na hiyo nayo nikaikubali. Taratibu za hospitali kubwa ningezijulia wapi, mimi wa kuingia choo cha wanaume?

Miaka ikaenda. Nililea. Wifi alimshonea mwanangu sare zote, kuanzia kaptula ya kwanza mpaka suruali ya mwisho, na hakuna shati lililowahi kumbana, hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Mtoto akampenda. Ilikuwa shangazi hivi, shangazi vile. Nilimwacha, mtoto hana kosa kwa kupenda.

Alipokua akapata kazi mji uleule uliommeza baba yake, fundi wa mafriji makubwa ya kuhifadhia samaki. Alikuwa anakuja na basi. Juzijuzi hapa mkewe akajifungua, akapiga simu, "Mama, njoo umwone mjukuu. Kwa nyonga hiyo basi hulipandi, nimekukatia ndege. Utakuja na msichana wetu." Msichana wetu ni mtoto wa binti yangu mkubwa. Ninaishi naye, ndiye macho yangu sasa.

Wifi alikuja mwenyewe kunifunda, kakaa kitandani kwangu kama mwalimu.

"Beba chakula cha kutwa. Beba mto, shingo itakufa. Maji usinywe, choo cha ndege kinanyonya mtu."

"Si umesema za siku hizi zina mashine?"

"Mashine ni mashine, anga ni lilelile."

Nikapika wali na maharage, nikaujaza kwenye hotipoti kubwa, nikabeba mto na soksi mbili. Pale wanapokagua mizigo walitucheka, kijana mmoja akauliza kama tunahamia. Nikamwambia hamia wewe.

Ndegeni nilikaa katikati. Dirishani mjukuu wangu, na upande wa pili mzee mmoja mnene, aliyelichukua egemeo la mkono kama karithi kwa baba yake, anatafuna pipi na kunipumulia. Spika ikakoroma. Mjukuu akaniambia, "Bibi, rubani anasema ni kilomita mia sita na themanini. Tutakuwa angani saa moja na robo."

"Anajisifu," nikasema.

Yule mzee akacheka mpaka kiti kikatikisika. "Hajisifu, mama. Ndiyo mwendo wake."

"Na zile za zamani? Za mapanga mawili?"

Hapo nikawa nimemfungulia bomba. Kumbe alikuwa fundi wa hizo, kazi yake yote kaifanyia uwanja wa mji ule tunaokwenda, na alitaka nijue kila parafujo. Nilimwacha abwabwaje, nikasubiri apumue.

"Zilikuwa zinachukua muda gani kutoka kwetu?"

"Zile? Zile zilikuwa punda. Polepole sana. Saa mbili kasoro."

"Saa mbili?"

"Kasoro. Ile ya asubuhi ikiondoka kwenu saa mbili, kabla ya saa nne nimeshaipokea, naipangusa vioo. Na ilikuwa ni hiyohiyo, moja tu kwa siku."

"Na ilikuwa haisimami hewani? Dereva ale?"

Akanigeukia vizuri. "Mama, ndege ikisimama hewani inakuwa jiwe."

Mjukuu wangu akanishika mkono. Habari ya babu yake anaijua, nimemsimulia tangu mdogo: ndege imefika? Ndege imefika? Nilikuwa nahesabu, na ujinga wangu wote, kutoka saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nikahesabu, nikarudia. Halafu matairi yakagonga chini. Nikafungua hotipoti, nikatia kidole. Wali ulikuwa bado wa moto.

Huko kwa mwanangu nilikaa, nikapakata kichanga, nikasema maneno yanayosemwa. Sikumbuki uso wake. Nilikuwa naona nywele zilizonyooka.

Tuliporudi sikupitia nyumbani. Nilimwachia mjukuu mabegi, nikajikokota na nyonga yangu mpaka chumba cha mwisho. Wifi alikuwa anashona kola.

"Umerudi. Safari ilikuwaje?"

"Wali ulikuwa wa moto."

"Wali gani?"

"Ulionifungisha. Tumetua bado wa moto."

"Si nilikwambia, za siku hizi..."

"Nilikaa na fundi wa hizo zenu za mapanga. Anakusalimia."

Mguu ukatoka kwenye pedali. Cherehani ikajizungusha kidogo peke yake, ikasimama.

"Ulitua saa ngapi?" nikamuuliza.

"Zamani hizo, wifi. Nani anakumbuka."

"Wewe unakumbuka. Kijiko unakikumbuka. Dereva alivyokula unakumbuka."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Saa nne hivi."

"Na hospitali uliingia saa ngapi?"

"Si unajua."

"Nataka uitaje wewe, mwenye macho."

"Jioni."

"Hapo katikati ulikuwa wapi?"

Nilidhani atalia, nikajiandaa kumkatiza. Hakulia. Alitazama mikono yangu, akasema, "Ulinisuka vibaya."

Nikadhani sikusikia.

"Ulinisuka vibaya, wifi. Mistari imepinda kama mtu kalima gizani. Ndegeni nilikaa na mama wa ofisini, kavaa hereni, akanitazama kichwa akageukia dirisha. Nikajisikia nimevuliwa nguo. Nimeshuka, naona saluni pale pembeni ya teksi. Nikasema, nitaingia hospitali ya wakubwa namna hii? Nesi gani atanisikiliza? Watanijua mshamba, wataniweka benchi. Nikauliza, foleni vipi? Wakasema fupi."

"Fupi."

"Haikuwa fupi. Walifumua, wakaosha, wakaanza kuchoma kwa kitana cha umeme, umeme ukakatika. Kitana kikapoa. Nusu kichwa kimenyooka, nusu kimesimama. Ningetokaje, wifi? Hebu niambie. Ningetokaje hivyo?"

"Kwa miguu."

"Watu wangenicheka."

"Mimi walinicheka kwenu. Nimekufa?"

Akaiweka ile kola mezani, akaanza kuinyoosha kwa viganja, na haikuwa na kunyanzi lolote. "Walisema anaongea. Mtu anayeongea hafi, ndivyo nilivyojua. Nilisema nikitoka hapa namkuta. Alikuwa kaka yangu kabla hajawa mume wako."

"Basi ungemwahi kama kaka yako. Nafasi nilikuachia."

"Uliachishwa."

"Haya. Niliachishwa. Na jino?"

"Jino gani?"

Nawaambia mtu anaweza kuvumilia mengi. Nilivumilia saluni, nilivumilia kitana, umeme, hereni za yule mama. Lakini alinitazama kweli kweli, uso mtupu, anatafuta jino ni kitu gani. Hakulisahau ndegeni wala saluni. Alilisahau hapohapo nilipokuwa namsuka. Ndege ingefika, naye angefika, na mume wangu asingesikia habari ya jino.

Hakuniomba radhi. Aliniuliza kama nitawaambia watu.

"Nitawaambia nini," nikasema, "mimi sijui kusoma."

Sikuwaambia. Msidhani ni wema. Chakula kingine ni kitamu siku ya pili, na mimi neno hilo nililiweka kiporo. Aliendelea kuitwa Bi Ndege, aliendelea kukoroga chai kwa kijiko chake, lakini nikipita mlangoni alikuwa anapunguza sauti. Nikawa napita mara nyingi.

Haukupita muda akaanza kuvimba miguu. Daktari akasema moyo umekuwa mkubwa. Nikamuuliza umekuwa mkubwa lini, mbona sisi hatujauona. Daktari hakucheka, vijana hawa hawacheki. Akasema hawezi tena kukaa peke yake.

Mwanangu akapiga simu. "Mama, mchukue shangazi. Hana mtu."

"Ana ndege."

"Mama."

"Nimesikia. Nitamchukua."

Nikampa chumba cha nyuma kinachopakana na jiko, kina joto. Sikumnyima kitu, na atakayesema nilimnyima aje hapa aseme. Nilimwogesha, nilimlisha uji kwa kijiko chake hichohicho cha ndegeni, nilimgeuza asipate vidonda. Na kila asubuhi nilimkalisha, nikachukua vile vinywele vyeupe vilivyobaki, nikamsuka mistari sita. Iliyopinda. Alikuwa anainamisha kichwa. Mjukuu wangu akiona hivyo anatoka nje.

Pumzi ikaanza kumpotea. Siku moja akanishika mkono nikiwa namfunga kitambaa. "Wifi, namtaka mtoto."

"Mtoto gani? Wewe huna mtoto."

"Mtoto wetu. Nimwone."

Nikampigia mwanangu, akakata tiketi. Jumamosi asubuhi. Nikamwambia wifi anakuja na ndege, akafumba macho, akatabasamu kama msichana.

Jumamosi hiyo mwanangu aliingia uani kabla ya saa tano, begi mgongoni, kichwa hakijaona mkasi tangu mtoto azaliwe. "Yuko wapi?"

"Yupo, amelala. Kula kwanza."

"Nimsalimie kwanza, Mama. Dakika moja."

"Kunywa chai. Umetoka mbali."

"Saa moja tu, Mama."

"Hata hivyo."

Akanywa amesimama. Nikamtazama kichwa. Wallahi sikuwa nimepanga. Ilikuja yenyewe, kama chafya.

"Huwezi kuingia kwa shangazi yako na fagio hilo kichwani," nikasema. "Kakushonea sare miaka yote uonekane mtu, leo aondoke akidhani umepata shida? Nenda hapo kwa Kipara, ukate."

Kipara ndiye kinyozi wa kona yetu. Kichwa chake mwenyewe kama yai, na Jumamosi wateja wake wanakaa mpaka ukingo wa mtaro.

"Si baadaye?"

"Sasa hivi. Foleni ni fupi."

Mwanangu hajawahi kunibishia mara tatu. Akaenda.

Nikarudi chumba cha nyuma. Mjukuu wangu alikuwa anampepea kwa kipande cha boksi. Wifi akafungua macho. "Nimesikia sauti."

"Redio ya jirani."

"Ndege imefika?"

"Bado," nikasema.

Mjukuu akaacha kupepea. Nikamwambia aendelee. Pumzi ya wifi ilikuwa inatoka kama mlango usiotiwa mafuta, unafungwa, unakaa, unafunguka tena. Nikakaa kwenye kigoda. Jua likaingia dirishani, likatambaa sakafuni, likapanda mguu wa kitanda. Tukampa maji, yakatokea pembeni ya mdomo.

"Ndege imefika?"

"Bado, wifi. Anga ni kubwa."

Akanitazama. Nikaongeza, "Labda dereva anakula."

Alijua? Sijui. Midomo yake ilicheza, hakuna kilichotoka. Mjukuu wangu akaweka lile boksi chini. Akanivuta mpaka jikoni, na huyu ni mtoto ambaye hajawahi kunivuta.

"Bibi, unafanya nini?"

"Nasubiri ndege."

"Anakufa."

"Babu yako naye alikuwa anakufa."

"Na mjomba? Mjomba kakosa nini? Akitoka kwa Kipara akamkuta kafa, atakaa nalo maisha yake yote, kama wewe. Ndicho unachotaka kumpa?"

Nilikuwa na jibu. Mimi jibu huwa halinipungukii. Lakini kabla sijalitoa alishavuka uani, lango likagonga, nikasikia malapa yake yanapiga barabarani. Nikapaza sauti kwamba akienda asirudi. Hakugeuka.

Nikarudi kukaa kwenye kigoda. Wifi macho nusu. Mlango wa pumzi unafungwa, unakaa. Unakaa sana. Unafunguka.

Halafu nikasikia mtu anakimbia. Si malapa, viatu. Mwanangu akaingia na kile kitambaa cha kinyozi bado kimemfunga shingoni, nywele zimemjaa mabegani, na kichwa, jamani, nusu kimenyolewa mpaka ngozi inang'aa, nusu ni lilelile fagio. Kapita na kichwa hicho kutoka kona mpaka hapa, mchana kweupe, mbele ya foleni nzima, mbele ya wauza maji na watoto wa mtaa mzima. Hata hakunitazama. Alipiga magoti kitandani.

"Shangazi. Nimefika."

Wifi akafumbua macho. Mkono ukapanda polepole, ukagusa upande ulionyolewa, ukasita. Ukavuka ukagusa upande wa pili. Ukakaa hapo katikati, penye mpaka.

"Umetoka hivi?" akasema. Sauti ilikuwa kama karatasi.

"Nimekimbia, Shangazi. Msichana kaniambia hali yako."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Watu wamecheka, wacha wacheke."

Mkono wake ukadondoka, mwanangu akaudaka, akaulaza shavuni kwake. Na wifi akageuza kichwa, kile cha mistari sita, akanitafuta pale nilipokuwa nimekaa.

"Umeona?" nikamwambia. "Inawezekana kutoka."

Alinitazama. Nami nikamtazama. Sikuangalia pembeni.